Shajara ya mradi: seli za kinga kwenye ukuta wa mimba

Lengo

Mradi huu unatambua na kuhesabu seli za kinga za mama katika mimba iliyotimia, kwa kulinganisha sehemu tatu: damu ya mshipa wa mkononi, damu ya mama inayopita katikati ya vidole vya kondo (matawi madogo ya kondo yanayoogelea kwenye damu hiyo), na desidua, yaani ule utando wa mji wa mimba unaojigeuza kuipokea mimba na ambao sehemu yake hutoka pamoja na kondo la nyuma.

Swali lenyewe ni la zamani. Mwaka 1953 Peter Medawar aliuliza inakuwaje mtoto, ambaye nusu ya jeni zake ni za baba, hakataliwi na mwili wa mama kama ngozi ya kupandikizwa inavyokataliwa. Alitaja sababu tatu ambazo zingeweza kueleza: mwili wa mtoto umetengwa na wa mama, antijeni za mtoto (alama zinazoamsha kinga) bado ni changa, au kinga ya mama imelegea. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoenea mitaani na hata kliniki, kwamba mjamzito "kinga yake imeshuka". Lakini ukifungua desidua ya miezi mitatu ya kwanza unakuta imejaa seli za kinga. Kati ya chembe nyeupe zilizomo, takribani 70% ni seli za NK (kwa Kiingereza "natural killer", wauaji wa asili), kama 20% ni makrofaji (seli zinazomeza vijidudu na mabaki), na zinazobaki nyingi ni seli T. Seli B ni adimu. Kinga haikulala pale. Ina kazi nyingine.

Jambo moja linaongoza kila hatua iliyoandikwa hapa chini: seli za kinga za ukuta wa mimba si zile za damu, na kosa dogo la maabara linatosha kuzifanya zionekane kuwa ni zilezile.

Juma la 1 na la 2: idhini, ndoo na saa

Fomu ya idhini imeandikwa upya mara mbili. Toleo la kwanza lilisema tu kwamba mabaki yatateketezwa. Kwa familia nyingi kondo huzikwa, na mama hawezi kukubali jambo ambalo hakuelezwa. Toleo la sasa lina chaguo tatu: kondo lote libaki maabara, vipande vichukuliwe na kilichobaki kirudishwe kwa familia siku hiyohiyo, au itolewe damu peke yake. Fomu inasema pia waziwazi kwamba kipande kilichoingia formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, hakirudishwi, kwa sababu ni sumu. Mkunga anaeleza haya kliniki, kabla uchungu haujaanza. Mama aliyeshikwa na uchungu haombwi saini.

Kondo linapokelewa kwenye ndoo safi ya lita 2 yenye kifuniko, ndani ya mfuko wa plastiki, na vifurushi vya barafu vinakaa nje ya mfuko. Barafu ikigusa tishu, seli za pale hugandishwa na kufa. Kondo halisuuzwi kwa maji ya bomba hata kidogo: maji matupu huingia ndani ya seli na kuzipasua, chembe nyekundu zikitangulia, na baadaye kila kitu kinachafuliwa na himoglobini. Kazi inaanza ndani ya saa 2 tangu kondo litoke. Lililochelewa zaidi ya saa 4 linakatwa vipande vya formalini tu.

Karatasi inayofuatana na ndoo ina mistari michache, ila kila mmoja una sababu yake. Aina ya kujifungua, na kama uchungu ulikuwa umeanza: neutrofili (chembe nyeupe za mwanzo kupambana na bakteria) na makrofaji huongezeka kwenye desidua wakati wa uchungu, kwa hiyo upasuaji uliopangwa na uzazi wa kawaida haviwekwi kapu moja. Saa tangu chupa ipasuke, na kama mama alikuwa na homa. Deksamethasoni, ikiwa alidungwa kwa ajili ya mapafu ya mtoto, maana dawa hiyo hubadili hesabu ya chembe nyeupe. Hali ya VVU na dawa anazotumia. Uzazi wa ngapi huu. Dozi za SP, dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito, na tarehe zake.

Juma la 3: kutenganisha tabaka

Desidua ipo mahali pawili. Moja imeshikamana na utando wa chupa (ya pembeni), nyingine imebaki kwenye uso wa kondo ulioelekea kwa mama (ya kitako). Hazichanganywi, kwa sababu mazingira yake ni tofauti na hata mchanganyiko wa seli zake hautoshani.

Ya pembeni ni rahisi. Kata kipande cha utando cha takribani sentimita 10 kwa 10, mbali na pale chupa ilipopasukia. Bandua amnioni: inang'aa, haina mishipa, inatoka yote kwa mkono mmoja kama ngozi ya kitunguu. Kinacholala chini yake ni korioni iliyobeba desidua. Tandaza kipande hicho upande wa desidua ukiwa juu, kisha kwangua taratibu kwa ukingo wa kisu cha upasuaji ulioinamishwa. Desidua ni laini na ina wekundu; korioni ni ngumu na inapitisha mwanga. Ukikandamiza, trofoblasti, seli za nje za korioni, zinakuja pia, na hizo ni za mtoto. Tunalenga gramu 5.

Ya kitako ndiyo inayoleta taabu. Kwa mkasi uliopinda tunakata tabaka jembamba, lisilozidi milimita 3, kutoka sehemu tano za uso wa mama. Kila kipande kinatiwa kwenye sahani ya kioo yenye maji ya chumvi yenye bafa (PBS), sahani ikiwa juu ya karatasi nyeusi. Vidole vya kondo hufunguka na kuyumbayumba majini kama mwani wakati maji yanajaa. Desidua hutulia ikiwa bapa, ya kijivu, bila matawi. Kinachoyumba kinatolewa kwa kibano chini ya hadubini ndogo. Hatua hii inachukua dakika 30 hadi 40 na hakuna njia ya mkato. Ndani ya vidole hivyo mna seli za Hofbauer, ambazo ni makrofaji za mtoto, nazo zina CD14 (alama ya juu ya seli; CD nyingine hapa chini ni alama za namna hiyo) kama za mama. Zikipita hapa, mashine inayosoma seli kwa leza haitajua tofauti, na utaandika "makrofaji za mama zimeongezeka" kumbe umehesabu za mtoto.

Katika mimba changa HLA-DR (moja ya protini za HLA, ambazo kinga huzisoma kutambua seli ni ya nani) husaidia kuzitenga, kwa sababu seli za Hofbauer za wakati huo hazina. Mimba ikishatimia alama hiyo haitoshi. Kwa hiyo tumeweka ukaguzi wa DNA: mtoto akiwa wa kiume, seli za CD14 zilizotengwa kutoka desidua zinapimwa kromosomu Y. Ikionekana kwa wingi, sampuli inatupwa. Akiwa wa kike tunatumia tofauti za HLA kati ya mama na mtoto, kazi ndefu zaidi.

Juma la 4 hadi la 6: kimeng'enya

Majuma matatu kwa hatua moja, ya kuzitoa seli kwenye tishu, na yalistahili.

Utaratibu uliobaki ni huu. Tishu inasuuzwa kwa PBS baridi kwenye tyubu za mililita 50, mara tano au sita, mpaka maji yabaki na wekundu hafifu tu. Inakatwakatwa kwa mkasi mpaka vipande viwe kama milimita 1. Kwa kila gramu 2 za tishu tunatia mililita 10 za RPMI (kioevu cha kulea seli) yenye kolajenasi ya aina ya IV, kimeng'enya kinachoyeyusha nyuzi zinazoshika tishu, miligramu 1 kwa mililita, na DNAsi ya aina ya I, mikrogramu 100 kwa mililita. Dakika 45 kwenye nyuzi 37 huku ikitikiswa polepole. Kisha tunasimamisha kwa RPMI baridi yenye seramu ya ndama 10%, na kuchuja kwa matundu ya mikromita 100, halafu 70, halafu 40.

Kasoro zilizojitokeza njiani zilikuwa tatu.

Ya kwanza, tishu ilikataa kumeng'enyeka. Baada ya dakika 45 vipande vilikuwa vilevile, vigumu kama vilivyoingia. Sababu ilikuwa bafa ya kukatia: ilikuwa na EDTA, ambayo hunyakua kalsiamu, na kolajenasi bila kalsiamu haifanyi kazi. EDTA sasa inaruhusiwa baada tu ya kumeng'enya kwisha, wakati wa kuzuia seli zisigandamane.

Ya pili, mchanganyiko ulivutika kama mlenda na kuziba chujio. Huo ni uzi wa DNA uliomwagika kutoka seli zilizokufa, na unanasa seli hai pamoja na zilizokufa. DNAsi ndiyo inayoukata, ila nayo inahitaji magnesiamu na kalsiamu. Ikitokea mlenda licha ya DNAsi, angalia mambo mawili: umri wa DNAsi, kwa sababu ikigandishwa na kuyeyushwa mara nyingi hupoteza nguvu, na muda kondo lilivyokaa kabla ya kazi.

Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haionekani kwa macho. Kolajenasi ya kawaida haiji peke yake. Huja na vimeng'enya vingine vya kukata protini, na kiasi chake hutofautiana kati ya kundi moja la kiwandani na jingine. Hivyo vinaweza kukata alama zilizo juu ya seli, zikiwemo zile tunazozitafuta. Seli ipo, hai, ila CD56 yake, alama ya NK, imekatwa, na kwenye grafu inahesabika si NK. Jaribio la kulibaini ni jepesi na sasa ni la lazima kwa kila kundi jipya: chukua limfositi za damu, gawa mara mbili, nusu moja iloweke kwenye kolajenasi kwa dakika 45 na nusu nyingine kwenye RPMI tupu kwa muda uleule na joto lilelile, kisha paka kingamwili sawasawa. Alama inayofifia upande wa kolajenasi haiwezi kutumika na kundi hilo. Chupa moja ilishindwa kwa CD56 na CD4, ikawekwa kando.

Kuongeza muda kufika dakika 90 kulileta seli nyingi zaidi, lakini nyingi kati ya hizo zilikuwa zimekufa na alama zimepungua. Dakika 45 zimebaki.

Kuna wanaopendelea kusaga tishu kwenye chujio bila kimeng'enya chochote. Limfositi zinatoka vizuri kwa njia hiyo. Makrofaji hazitoki, maana zimeng'ang'ania kwenye tishu, hivyo hesabu yake inashuka bila haki. Tunaifanya kwa kila sampuli ya tano, kama shahidi wa pembeni wa seli za NK na T.

Juma la 7: Ficoll, joto la chumba na mizunguko

Ficoll ni kioevu kizito kinachotenganisha seli zikizungushwa: tunazozitaka hubaki juu yake kama pete, chembe nyekundu huzama. Uzito wake wa gramu 1.077 kwa mililita umepimwa kwa nyuzi 20. Chumba chetu mchana hufika 31 umeme ukikatika na kiyoyozi kikizima. Kioevu kikipata joto huwa chepesi, na limfositi zilizopaswa kuelea juu yake huzama na chembe nyekundu. Kikitoka jokofuni bila kupumzika huwa kizito, na pete inachafuliwa na seli zisizotakiwa. Ficoll na mchanganyiko wa seli vyote sasa vinakaa kwenye beseni la maji ya nyuzi 20 kwa nusu saa kabla ya kazi, na kipimajoto kinasomwa, hakikisiwi.

Mililita 25 za mchanganyiko zinamiminwa polepole juu ya mililita 15 za Ficoll, tyubu ikiwa imeinama. Inazungushwa dakika 25 kwa g 400 (nguvu mara 400 ya mvutano wa dunia), breki ikiwa imezimwa. Breki ikibaki imewashwa, pete inavurugika dakika ya mwisho kabisa.

Tahadhari kwa wanaonakili taratibu kutoka maabara nyingine: usinakili mizunguko kwa dakika, nakili g. Hesabu ni 0.00001118 mara nusukipenyo kwa sentimita mara mizunguko kwa kipeo cha pili. Mashine yenye nusukipenyo cha sentimita 16 ikizunguka 2,000 kwa dakika inatoa karibu g 716. Yenye sentimita 10 kwa mizunguko ileile inatoa g 447. Tofauti hiyo inatosha kuharibu pete.

Neutrofili huzama kwenye Ficoll. Yeyote anayetaka kuzihesabu ahesabu kwenye mchanganyiko ambao haujapita Ficoll, chembe nyekundu zikiwa zimepasuliwa kwa kloridi ya amonia.

Juma la 8 na la 9: rangi na leza

Hapa kila alama inashikwa na kingamwili yenye rangi, na mashine inasoma rangi hizo kwa leza, seli moja moja. Seli milioni 1 kwa kila tyubu, ndani ya mikrolita 100. Sampuli yenye chini ya seli hai 500,000 haiendelei.

Rangi ya kutambua seli zilizokufa inatangulia, ndani ya PBS isiyo na seramu, dakika 20 gizani. Rangi hii inashika protini yoyote inayoikuta. Ukiweka seramu, seramu inainywa yote na seli zilizokufa zinapita kama hai. Kisha kizibo cha vipokezi vya Fc kwa dakika 10. Makrofaji zina vipokezi hivyo vingi, na bila kizibo zinadaka kingamwili yoyote kwa mkia wake. Halafu kingamwili zote za juu ya seli, dakika 30 kwa nyuzi 4. FoxP3 iko ndani ya kiini, kwa hiyo inasubiri seli zigandishwe kwa dawa na kutobolewa.

Alama tulizobaki nazo: CD45, CD3, CD4, CD14, CD16, CD56, CD49a, HLA-DR, CD25, CD127 na FoxP3.

Hapa ndipo tofauti ya damu na desidua inaonekana wazi kabisa. Katika damu, seli za NK takribani 90% zina CD56 hafifu na CD16 nyingi. Hizo ni za kuua. Katika desidua zina CD56 inayong'aa, hazina CD16, na nyingi zina CD49a, alama ya seli iliyoweka makazi kwenye tishu. Tumeifanya hiyo kuwa kipimo cha usafi: desidua ikitoa NK nyingi zenye CD16 bila CD49a, tunachokipima ni damu iliyobaki kwenye tishu, na tunarudi kwenye hatua ya kusuuza. Kipimo hiki kina mpaka wake, kwa sababu seli ya NK ikichochewa huangusha CD16 yenyewe. Ndiyo maana alama mbili zinasomwa pamoja.

Makrofaji za desidua hung'aa zenyewe chini ya leza, hata bila rangi yoyote, hasa kwenye upande wa kijani. Mipaka ya grafu iliyowekwa kwa kutumia damu haizifai. Tyubu za ulinganisho, zile zinazopakwa rangi zote isipokuwa moja, zinatengenezwa kwa seli za desidua yenyewe, hata kama hilo linakula sampuli.

Seli T za udhibiti, zile zinazotuliza kinga, zinasomwa kama CD4, CD25 nyingi, CD127 kidogo na FoxP3. Umuhimu wake ulionyeshwa kwa panya mwaka 2004: zilipoondolewa, mimba zenye jeni za baba tofauti ziliharibika na zile zenye jeni sawa na za mama zikabaki. Kwa binadamu tahadhari ni kwamba seli T ya kawaida ikichochewa huweza kupandisha FoxP3 kwa muda. FoxP3 peke yake si kitambulisho.

Juma la 10: damu ya katikati ya vidole

Uso wa mama unapanguswa, unapasuliwa kina cha sentimita 1 hadi 2, na damu inayojaa pale inafyonzwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mililita 3 hadi 5 kwenye hepari, dawa ya kuzuia damu isigande. Mishipa ya mtoto iko upande wa pili, chini ya kiungamwana (kamba ya kitovu). Ukipasua kina kupita kiasi unaifikia. Kila sampuli inakaguliwa kwa kipimo cha Kleihauer, kinachosafisha himoglobini ya mama na kuacha ya mtoto ikiwa na rangi.

Sababu ya kuitaka damu hii ni malaria. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, wakifanya kazi Kisumu, walionyesha kwamba vimelea vinavyokaa kondoni hushika kondroitini salfeti A iliyo kwenye uso wa vidole. Protini ya kimelea inayofanya kazi hiyo baadaye ilitambuliwa kuwa VAR2CSA. Mama wa mimba ya kwanza hajawahi kuikuta, hana kingamwili dhidi yake, hata kama amekulia kwenye malaria maisha yake yote. Ndiyo sababu uzazi wa kwanza huumia zaidi. Mimba zinazofuata humkuta akiwa na kingamwili hizo.

Kwa seli za kinga maana yake ni hii: katika malaria ya kondo, tukio kubwa haliko kwenye desidua. Liko kwenye nafasi ya katikati ya vidole, ambako monositi za mama (chembe nyeupe zinazomeza vijidudu) hujazana, zikila chembe zenye vimelea na kubaki na punje nyeusi tumboni. Damu ya mkononi inaweza kuwa safi kwenye kioo wakati kondo limejaa. Slaidi nene na nyembamba zinatengenezwa kutoka damu zote mbili, rangi ya Giemsa 10% kwa dakika 10, maji ya bafa pH 7.2.

Juma la 11: punje nyeusi zisizo za malaria

Slaidi za kwanza za tishu zilirudi na punje za kahawia iliyokoza kila mahali, hata kwenye makondo ya akina mama ambao vipimo vyao vyote vilikuwa safi. Chini ya mwanga uliochujwa ziling'aa kama punje za malaria zinavyong'aa. Ilikuwa formalini. Formalini ikiachwa bila bafa hugeuka asidi, na asidi ikikutana na damu nyingi hutengeneza punje zinazofanana na za malaria. Kondo ni mfuko wa damu, kwa hiyo hakuna tishu inayoathirika vibaya kuliko hiyo.

Namna ya kuzitofautisha: punje za malaria ziko ndani ya monositi, ndani ya chembe nyekundu zenye kimelea, au zimenaswa kwenye nyuzi za fibrini, protini ya damu iliyoganda. Za formalini zimelala juu ya tishu ovyo, zikifuata damu, bila kujali seli. Lakini kutofautisha ni kazi ya kuokoa jahazi. Dawa ni kuzuia: formalini 10% yenye bafa ya fosfeti, pH 7.0 hadi 7.4, inayopimwa kila inapochanganywa. Vipande visivyozidi milimita 5 unene. Formalini mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tishu. Saa 24 hadi 48, kisha vihamishwe. Vipande vinakatwa katikati ya pale kiungamwana kinapoingia na ukingo wa kondo, kwa sababu ukingoni fibrini ni nyingi hata kwa kondo lisilo na ugonjwa. Sampuli zilizoharibika zimeondolewa kwenye usomaji wa punje, ila bado zinasomwa kwa idadi ya monositi.

Juma la 12 na la 13: KIR na HLA-C

Trofoblasti zinazotoka kondoni na kuchimba ukuta wa mama hazina HLA-A wala HLA-B, zile ambazo kwa kawaida huchochea kukataliwa. Zina HLA-C, HLA-E na HLA-G. Seli za NK za desidua huzisoma: vipokezi vya KIR husoma HLA-C, kipokezi cha NKG2A husoma HLA-E. Usomaji huo huamua kiasi ambacho trofoblasti zinaruhusiwa kuchimba na kuzipanua ateri za mji wa mimba zilizojisokota. Zikiruhusiwa kidogo mno, ateri hubaki nyembamba, damu huingia kwa kasi na kwa uhaba, na hapo hatari ya kifafa cha mimba na ya mtoto kudumaa tumboni inapanda.

HLA-C iko ya aina mbili kwa KIR: C1, yenye asparajini nafasi ya 80, na C2, yenye laisini pale pale. KIR2DL1 inazuia ikikutana na C2. Mwaka 2004 ilionyeshwa huko Uingereza kwamba mama mwenye KIR za AA, yaani asiye na KIR za kuchochea zinazohusika, akibeba mtoto mwenye C2, hatari yake inaongezeka. Upande wa Afrika, utafiti wa akina mama wa Kampala uliochapishwa 2015, ukiongozwa na Annettee Nakimuli pamoja na Ashley Moffett, ulikuta KIR za AA zinaleta hatari vilevile, ila kinachomlinda mama kinatoka kwenye jeni nyingine: sehemu ya KIR B iliyo karibu na sentromia (kiuno cha kromosomu) yenye KIR2DS5, ambayo haipo kwa Wazungu. Kwa Wazungu ulinzi huo huhusishwa na KIR2DS1. Hili lina uzito kwetu. Seti ya vitendanishi iliyobuniwa kwa watu wa Ulaya inaweza kuipita aina hiyo ya KIR2DS5 bila kuiona, kwa hiyo vianzio vya PCR (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kipimo cha jeni) vilikaguliwa kimoja kimoja dhidi ya mfuatano wake.

Damu ya mama na ya kiungamwana, mililita 2 kila moja, kwenye EDTA. Hepari inazuia PCR, na sampuli nne za mwanzo zilishindwa kwa sababu hiyo tu. Damu ya kiungamwana inavutwa kwenye mshipa uliopanguswa kwa spiriti, maana tone la damu ya mama likiingia litampa mtoto HLA-C asiyokuwa nayo.

Neno moja la pembeni, kwa kuwa akina mama walioharibikiwa na mimba mara kadhaa wanaulizia kliniki. Kipimo cha "NK nyingi kwenye damu" hakielezi kinachoendelea kwenye mji wa mimba. Seli ni tofauti, alama ni tofauti, kazi ni tofauti. Kumpa mama dawa za kuzima kinga kwa kusoma namba hiyo ni kumtia hatarini bila msingi. Vivyo hivyo kumchoma chembe nyeupe za mumewe: jaribio kubwa lililochapishwa 1999 halikuona faida. Mama wa namna hiyo anastahili kuambiwa ukweli kabla hajauza kiwanja kulipia tiba.

Juma la 14: tulipofika

Makondo yanayozaliwa usiku bado yanapotea. Kugandisha seli hakutasaidia kila kitu: neutrofili hazivumilii, na makrofaji hupungua. Tumeamua seli zipakwe rangi zikiwa mbichi, zitiwe paraformaldihaidi 1%, zikae gizani kwa nyuzi 4, na mashine izisome ndani ya saa 24. Zamu ya usiku inahitaji mtu mmoja wa kufikisha kazi hadi kupaka rangi.

Swali la ateri tumeliondoa kwenye malengo ya sampuli hizi. Ateri hupanuliwa katika nusu ya kwanza ya mimba. Kondo lililotimia linaonyesha matokeo, halionyeshi kazi ikifanyika, na seli za NK wakati huo zimeshapungua huku seli T zikiongezeka. Matokeo ya KIR yatasomwa pamoja na uzito wa mtoto na shinikizo la damu la mama, si pamoja na idadi ya NK tulizohesabu siku ya kuzaliwa.

Kundi jipya la kolajenasi limepokelewa Ijumaa. Halijafunguliwa. Jumatatu linajaribiwa kwa limfositi za damu, nusu kwa nusu, CD56, CD4, CD16 na CD127 zikisomwa kwanza.